Sauti ya kinyumenyume katika studio ya nyumbani: mwongozo kamili kwa waliokwama

Vijana wanaorekodi nyumbani hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Nguba, huniletea faili zenye tatizo lilelile. Wamegeuza sauti iende kinyumenyume, lakini badala ya ule mvumo unaopanda polepole hadi mwimbaji anapofungua kinywa, wanapata kelele fupi inayokatika ovyo. Wengine hubofya amri, wakasikiliza, wasisikie tofauti yoyote. Wengine mvumo wanaupata, ila unafika kabla ya pigo au baada yake, na wimbo mzima unayumba.

Nikifungua miradi yao, karibu kila mara nakuta mojawapo ya sababu tatu: amri iliyobofywa siyo yenyewe, kipande kimepangwa kwa kutazama mwanzo wake badala ya mwisho wake, au riverbu (mwangwi unaofuata sauti) imewekwa bila kuachiwa nafasi ya kulia hadi iishe. Zote tatu zinatibika jioni moja. Fuata hatua kwa mpangilio, na usiruke ile ya kuweka kimya, maana ndiyo inayowaangusha wengi kuliko zote.

Vitu vya kuandaa

Kompyuta yenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Nimeichagua kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na haihitaji mashine ya nguvu. Maelezo ya hapa yanafuata matoleo ya 3. Wanaotumia Reaper au FL Studio wana sehemu yao mbele, lakini nao wasome hatua zote, kwa sababu mantiki ni ileile.

Kaski ya masikio yenye waya. Kaski za Bluetooth huchelewesha sauti, na hapa tunashughulika na vipande vya sekunde vinavyotakiwa kugonga pigo sawasawa. Spika ya simu nayo haitoi besi, kwa hiyo hutasikia uchafu uliojificha chini ya mvumo.

Faili za WAV za wimbo wako: muziki peke yake, sauti ya mwimbaji peke yake. Usitumie MP3 kwa kazi hii. Usimbaji wa MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, na kimya hicho kinatosha kusogeza mpangilio wako. WAV ya kawaida ya stirio huchukua kama MB 10 kwa dakika moja, basi nafasi siyo kisingizio. Ikiwa ulirekodi kwa simu na faili ni M4A, Audacity haitaifungua mpaka uiongezee FFmpeg, nyongeza inayoiwezesha kusoma aina nyingine za faili. Ifungue, kisha ihifadhi upya kama WAV.

Tempo ya wimbo (idadi ya mapigo kwa dakika), iliyoandikwa kwenye karatasi mbele yako. Gawanya 60 kwa tempo, upate urefu wa pigo moja kwa sekunde. Tempo ya 80 ina pigo la sekunde 0.75, na kipimo kizima cha mapigo manne ni sekunde 3. Tempo ya 100 ina kipimo cha sekunde 2.4. Tempo ya 120, sekunde 2 kamili. Namba hizi utazitumia kila mahali.

Rekodi safi ya sauti. Hapa kwetu mvua ikianguka juu ya mabati hakuna maikrofoni itakayokuokoa, na honi za motari, wale waendesha pikipiki za abiria, zinapanda hadi ghorofani. Kumbuka kwamba riverbu itachukua kila kelele iliyomo na kuivuta iwe ndefu. Kelele ambayo katika sauti ya kawaida ungeivumilia, kwenye mvumo itakuwa ukungu unaofunika kila kitu. Kama hujapata kipande safi, subiri usiku wa manane urekodi tena neno hilo moja.

Betri iliyojaa. Hifadhi mradi kabla ya kila hatua, kwa sababu umeme hauagi unapoondoka.

Kanuni inayobeba kazi yote

Chochote utakachoifanyia sauti kabla ya kuigeuza kitageuka pamoja nayo. Chochote utakachokifanya baada ya kuigeuza kitabaki kinaenda mbele.

Riverbu ni mkia unaofuata sauti. Ukiiweka na kisha ukageuza, mkia unakuja mbele ya sauti. Ukigeuza kwanza na kuweka riverbu mwishoni, mkia unabaki nyuma, na hutapata mvumo unaopanda hata ukae hapo hadi alfajiri. Kwa hiyo mvumo wa kabla ya neno una migeuzo miwili: geuza, weka riverbu, geuza tena. Neno linarudi kusomeka kawaida, mkia peke yake ndio unabaki kinyumenyume.

Sehemu ya kwanza: mvumo unaopanda kabla ya mwimbaji

Hii ndiyo athari inayoombwa zaidi, na ndiyo ngumu zaidi, kwa hiyo tutakaa hapa muda mrefu.

Hatua ya 1. Chagua neno

Siyo kila neno linafaa. Mvumo hupata rangi yake kutoka silabi ya kwanza ya neno, kwa sababu sauti ikigeuzwa silabi ya kwanza inakuwa ya mwisho, na mkia unaanzia pale.

Neno linaloanza na irabu, kama "amani", linatoa mvumo laini ulio wazi. "Yesu" nalo linafaa sana. "Mungu" na "moyo" hutoa mvumo mzito wa puani, mzuri kwa wimbo wa taratibu. "Sifa" na "shukuru" ni kazi: zile sauti za s na sh zinageuka kuwa mchirizi mkali unaokwaruza masikio. Zinawezekana, lakini itabidi ukate sauti za juu kwenye hatua ya riverbu. Maneno yanayoanza na k, t au p yana mlipuko mfupi mwanzoni. Mvumo utakuwa wa irabu inayofuata, na mlipuko wenyewe utakuwa mpaka mzuri kati ya mvumo na neno.

Neno liwe la kwanza baada ya mapumziko. Mvumo ukipanda juu ya maneno mengine, msikilizaji hasikii mvumo, anasikia fujo.

Hatua ya 2. Nakili neno pamoja na nafasi iliyo mbele yake

Fungua muziki na sauti ya mwimbaji katika mradi mmoja. Kwenye traki ya mwimbaji, chagua eneo linaloanza kipimo kimoja kizima kabla ya neno na kuishia mwisho wa neno hilo. Kwa tempo ya 80, hiyo ni sekunde 3 za nafasi pamoja na neno lenyewe. Sasa bonyeza Ctrl na D. Nakala inatokea kwenye traki mpya chini, ikiwa mahali palepale kwa wakati.

Kwa nini tusikate neno tu na kulipeleka pembeni? Kwa sababu kipande chetu kitageuzwa mara mbili katika eneo lilelile, na mwishoni kitakuwa kimejipanga chenyewe. Hutahitaji kusogeza kitu. Wengi wanaohangaika kupanga mvumo kwa mkono wangepumzika kama wangeanza hivi.

Neno likiwa mwanzoni kabisa mwa wimbo, hakuna nafasi mbele yake. Sogeza traki zote kulia kwa kipimo kimoja kabla ya kuanza.

Hatua ya 3. Safisha nafasi iwe kimya kabisa

Kwenye nakala, chagua sehemu yote iliyo kabla ya neno, kisha bonyeza Ctrl na L. Pumzi, mlio wa kiti, mwisho wa mstari uliotangulia, vyote vinafutika na kubaki mstari ulionyooka.

Ikiwa traki mahali hapo ni tupu kabisa, haina hata mstari, basi programu haina kitu cha kujaza. Chagua eneo hilo, nenda Generate, halafu Silence, kubali urefu inaokuonyesha. Kisha chagua kimya na neno pamoja, bonyeza Ctrl na J viungane kuwa kipande kimoja.

Sababu ya usumbufu huu ni hii: Audacity huweka riverbu ndani ya eneo ulilochagua tu. Ukichagua neno peke yake, mkia unakatwa pale neno linapoishia, na unachobaki nacho ni neno lenye unyevunyevu kidogo. Kimya tulichokiweka ndicho chumba ambamo mkia utalia.

Utajua umefaulu ukiona kipande kimoja kisicho na mpasuko katikati: kushoto mstari ulionyooka, kulia mawimbi ya neno.

Hatua ya 4. Geuza mara ya kwanza

Bofya mara mbili ndani ya kipande ili kichaguliwe chote. Nenda Effect, halafu Special, halafu Reverse. Kwenye matoleo ya kabla ya 3.2 amri hiyo ipo moja kwa moja ndani ya Effect.

Angalia vizuri, kwa sababu katika kundi lilelile kuna amri nyingine iitwayo Invert, na ndiyo wengi wanayoibofya. Invert hupindua wimbi juu chini. Sikio halisikii tofauti yoyote kwa sauti iliyo peke yake. Kama programu yako iko kwa Kifaransa, majina yanaweza kukuchanganya zaidi, kwa hiyo amini macho: baada ya amri sahihi, neno lililokuwa kulia lazima liwe kushoto, na kimya kiwe kulia. Kama picha haijabadilika upande, tengua kwa Ctrl na Z ujaribu tena.

Hatua ya 5. Weka riverbu

Kipande chote kikiwa bado kimechaguliwa, nenda Effect, halafu Delay and Reverb, halafu Reverb. Weka mambo haya:

Wet Only: weka alama. Tunataka mkia peke yake. Neno lenyewe lipo tayari kwenye traki ya asili. Ukiliacha na hapa, yatasikika maneno mawili yaliyopandana, na sauti ya mwimbaji itakuwa kama inatoka ndani ya bomba.

Pre-delay: sifuri. Hiki ni kidude kidogo kinachoharibu kazi za watu wengi. Kwa kawaida kimewekwa kwenye 10, maana yake riverbu inachelewa kidogo baada ya sauti. Ukigeuza, kuchelewa huko kunakuwa pengo kati ya mvumo na neno, na neno linaonekana limeachwa peke yake mlangoni.

Room Size: 90 hadi 100. Reverberance: 80 hadi 100. Tunahitaji mkia mrefu utakaojaza kipimo kizima. Mkia mfupi hutoa mvumo unaojitokeza ghafla sekunde moja kabla ya neno.

Damping: anza na 50. Ikiwa neno lako linaanza na s au sh, ipandishe, na ushushe Tone High hadi karibu 50. Sikiliza kwa kitufe cha kujaribia kabla ya kukubali.

Kwa sasa utasikia neno la kinyumenyume likifuatwa na mkia unaofifia kwa mbali. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwenye picha, ile sehemu iliyokuwa mstari ulionyooka sasa ina mawimbi yanayopungua kuelekea kulia. Mstari ukibaki umenyooka, ulikuwa umechagua neno tu. Tengua, bofya kipande mara mbili, rudia.

Ukitaka mvumo uwe mpana, utoke kushoto na kulia, igeuze nakala iwe stirio kabla ya hatua hii: inakili traki tena, kisha kwenye menyu ya traki ya juu chagua kuziunganisha kuwa stirio. Traki ya mono hutoa riverbu ya mono. Kwa mwimbaji aliye katikati, mvumo mpana unaojikusanya kuelekea kwake ni mzuri mno, na ningekushauri usiukose.

Hatua ya 6. Geuza mara ya pili

Kipande kilekile, eneo lilelile, Reverse tena. Sasa mawimbi yanaanza madogo kushoto na kukua hadi kwenye neno.

Cheza pamoja na traki ya asili ya mwimbaji. Mvumo unapaswa kukaribia kama mvua inayovuka ziwa Kivu kuja mjini, unaisikia kabla haijakugusa, na neno litoke ndani yake bila pengo.

Hatua ya 7. Kata, fifisha, punguza

Neno linapoanza kwenye traki ya asili, mvumo umemaliza kazi. Kwenye nakala, futa kila kitu kuanzia pale neno linapoanzia. Usipofuta, riverbu ya kinyumenyume itaendelea chini ya neno na kulitia ukungu.

Kukata ghafla kunaweza kuacha mlio mdogo wa "tk". Kuza picha, chagua kipande kidogo kabisa cha mwisho, kama milisekunde 5 hadi 10 (milisekunde elfu moja ni sekunde moja), uweke Fade Out. Mwanzoni mwa mvumo weka Fade In ya nusu ya pigo hivi, ili usisikike ukianza.

Halafu shusha sauti. Mvumo mzuri unausikia zaidi ukiondolewa kuliko ukiwepo. Anza na desibeli 10 chini ya mwimbaji, panda polepole. Wanaoanza huuweka juu kwa furaha ya kuupata, na wimbo mzima unakuwa maonyesho ya athari moja.

Na jambo la mwisho kwenye sehemu hii: tumia mara moja au mbili katika wimbo. Kabla ya kiitikio cha kwanza, labda kabla ya daraja (ile sehemu ya katikati ya wimbo iliyo tofauti na nyingine). Kila mstari ukianza kwa mvumo, masikio yanauzoea na hauna kazi tena.

Sehemu ya pili: toazi la kinyumenyume

Hapa kazi ni fupi. Chukua mlio wa toazi lililopigwa mara moja likaachwa lilie hadi liishe. Lihesabu kutoka pale lilipogongwa: unahitaji kipimo kimoja, au viwili kama wimbo ni wa haraka. Futa kinachozidi upande wa mkia, siyo upande wa kugongwa. Weka Fade Out kwenye mwisho huo, kisha Reverse. Ile Fade Out imekuwa mwanzo laini unaopanda.

Sasa kupanga. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka mwanzo wa kipande kwenye pigo. Toazi lililogeuzwa lina nguvu mwishoni, kwa hiyo mwisho wake ndio unaotakiwa kugonga pigo la kwanza la kiitikio. Bofya ndani ya traki ya toazi, kwenye pigo hilo hasa, ili kasa (ule mstari unaoonyesha mahali ulipobofya) ikae hapo, kisha nenda Tracks, Align Tracks, halafu End to Cursor/Selection Start. Kipande kinasogea chenyewe hadi mwisho wake uguse kasa.

Baada ya hapo lazima kitu kitokee: ngoma kubwa, toazi la kawaida, besi, au vyote. Mpando usiofikia popote unamwacha msikilizaji na kiu. Kuna watayarishaji wanaoacha nusu pigo la kimya kabla ya kiitikio kuanguka, na inapendeza kwelikweli, lakini hapo mwisho wa toazi unarudi nyuma nusu pigo. Kwa tempo ya 80 hiyo ni sekunde 0.375.

Ukisikia kama ngoma imegongwa mara mbili, ni ile sauti ya kugongwa kwa toazi iliyobaki kwenye mwisho wa kipande. Kata milisekunde 20 hadi 30 za mwisho, weka Fade Out fupi.

Sehemu ya tatu: gita la kinyumenyume

Gita likigeuzwa, kila uzi unaanza kwa kuvimba na kuishia kwa mkato. Ni sauti nzuri sana juu ya nyimbo za taratibu, na watu wa huku, ambako gita la vidole lina heshima yake, wangeitumia vizuri zaidi kama wangejua namna ya kuipanga.

Shida ni kwamba ukipiga akordi nne kwa mpangilio na kuzigeuza, zinatoka za mwisho kwanza. Ukipiga G, C, D, Em, unapata Em, D, C, G, na hazilingani tena na wimbo. Unaweza kupiga kwa mpangilio wa kinyume, lakini kuna njia ninayoiamini zaidi.

Tengeneza nakala ya muziki wa sehemu unayotaka, mathalani vipimo vinane, ukiwa umeichanganya kuwa traki moja. Igeuze. Zima traki nyingine zote, sikiliza muziki huo wa kinyumenyume mara kadhaa mpaka uanze kusikia wapi akordi zinabadilika. Andika mpangilio wake. Sasa rekodi gita ukisikiliza muziki huo uliogeuzwa, ukipiga akordi zinazolingana nao, noti ndefu, bila kukurupuka.

Ukimaliza, geuza kipande cha gita peke yake. Hakikisha kinaanza na kuishia sawa kabisa na kile kipande cha vipimo vinane. Kikizidi, kikate kabla ya kugeuza, na kikipungua, kiongezee kimya. Zima muziki uliogeuzwa, washa wimbo wa kawaida. Gita litakaa mahali pake, kila akordi ikivimba kuelekea pigo.

Usipige haraka. Uzi unaolia kwa nusu pigo hauna muda wa kuvimba. Utasikia vipande vilivyokatwakatwa. Acha kila akordi ilie kipimo kizima. Na kwa kuwa kila mshindo wa kidole unakuwa mkato wa mwisho, gonga nyuzi kwa upole kuliko kawaida yako.

Sehemu ya nne: maneno yaliyogeuzwa

Kugeuza sauti ya mtu anayesema ni hatua moja tu, Reverse basi. Lakini jua unachokipata. Kiswahili kina silabi zinazoishia na irabu karibu zote, kwa hiyo zikigeuzwa irabu zinatangulia: "mama" inatoka kama "amam". Matokeo yake ni lugha laini isiyoeleweka, yenye mdundo wake, inayofaa kama rangi nyuma ya kinanda.

Kwa nyimbo za ibada nina ushauri wa dhati. Kuna waumini wengi wanaoamini maneno yaliyogeuzwa yanaficha ujumbe mbaya, na wimbo wa kwaya unaweza kukataliwa kanisani kwa ajili ya sekunde mbili za namna hiyo. Mweleze kiongozi wa kwaya kabla. Mvumo wa sehemu ya kwanza hauna tatizo hilo, kwa sababu neno lenyewe linabaki linasomeka mbele na mkia hausemi chochote.

Kama unatumia programu nyingine

Reaper: chagua kipande, kisha tumia amri ya kukigeuza kama toleo jipya la kipande hichohicho. Ya asili inabaki, kwa hiyo unaweza kurudi wakati wowote. Riverbu ya ReaVerbate inakuja pamoja na programu. Tahadhari: ukivuta ukingo wa kulia wa kipande ili kupata nafasi ya mkia, Reaper kwa kawaida hurudia sauti tangu mwanzo. Fungua sifa za kipande uondoe alama ya Loop source, ndipo ukivuta utapata kimya. Kisha riverbu ichomwe ndani ya kipande kabla ya mgeuzo wa pili; ikibaki inafanya kazi hai kwenye traki, itaendelea kwenda mbele.

FL Studio: kipande cha sauti kina kitufe cha Reverse kwenye mipangilio ya chaneli yake, na hicho kinatosha kwa toazi. Kwa mvumo wa mwimbaji, fanya kazi ndani ya Edison, ukiongeza kimya, kugeuza, riverbu na kugeuza tena, halafu uburute matokeo kwenye wimbo. Wenye toleo la majaribio wakumbuke kwamba hawawezi kufungua tena mradi waliouhifadhi, kwa hiyo watoe WAV ya kila mvumo kabla ya kufunga.

Ukikwama, anzia hapa

Hakuna tofauti yoyote baada ya kugeuza: ulibofya Invert, au kipande hakikuchaguliwa. Angalia kama picha ilibadilika upande.

Mvumo unaishia kabla ya neno: Pre-delay haikuwa sifuri, au mwimbaji alivuta pumzi na ukahesabu pumzi kama sehemu ya neno. Kuza picha, tafuta pale sauti yenyewe inapoanzia, kata pumzi.

Mvumo ni mfupi mno: kimya hakikutosha, au Room Size ni ndogo. Ongeza vyote viwili. Kimya kikiwa kirefu kuliko mkia hakidhuru kitu.

Mvumo ni mzito na unagombana na besi: weka kichujio kinachokata chini ya Hz 200 kwenye traki ya mvumo peke yake.

Unasikia mlio wa umeme au mvua ukipanda pamoja na mvumo: uchafu ulikuwa kwenye rekodi. Kuondoa kelele baada ya riverbu hakusaidii sana. Rudi kwenye neno la asili, lisafishe, anza tena Hatua ya 2.

Kila kitu kiko sawa kwenye kompyuta yako lakini kwa rafiki yako mvumo umesogea: ulimtumia traki moja moja kama MP3. Mtumie WAV, zote zianzie sekunde sifuri ya wimbo hata kama mwanzo wake ni kimya.

Kutoa na kuhifadhi

Toa mchanganyiko mzima kama WAV, kilele kisizidi desibeli 1 chini ya sifuri. Kisha zima traki zote isipokuwa mvumo, uutoe nao peke yake, kuanzia sekunde sifuri.

Faili hiyo ya mvumo ipe jina linaloeleza neno, tempo na ufunguo, kwa mfano mvumo_amani_80_G.wav. Siku ukiwa na wimbo mwingine wa tempo hiyo na ufunguo huo, kata kimya cha mbele, upange kwa mwisho wake kwenye pigo, na utakuwa na mvumo tayari hata kama usiku huo mvua inapiga mabati na hakuna namna ya kurekodi.